Steroli za Mimea na Kolesteroli Yako

Jioni ukishuka matatu Kimbo, kando ya barabara utaona githeri ikitokota, maparachichi yakipangwa kwa mafungu na njugu karanga za kukaanga. Vyakula hivyo vina steroli, mafuta ya mimea yanayofanana sana kiumbo na kolesteroli.

Mfanano huo ndio unaotufaa. Ndani ya utumbo, kolesteroli lazima ibebwe na matone madogo ya nyongo ndipo iingie mwilini. Steroli huwahi nafasi kwenye matone hayo, na sehemu ya kolesteroli hukosa pa kupanda, ikatoka na choo. Steroli zenyewe huingia kwenye damu kidogo mno.

Gramu 2 za steroli kwa siku hupunguza kolesteroli mbaya kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Lakini, ndugu zangu, parachichi zima lina kama miligramu 100 tu! Chakula cha kawaida hutupa miligramu 200 hadi 400 kwa siku. Ndiyo maana mwaka 1995 Ufini ilianza kuuza siagi ya mimea iliyoongezewa stanoli, jamii ya karibu ya steroli.

Hata hivyo, kula maharagwe, simsim na njugu, na upunguze vibanzi na nyama ya mafuta. Kama daktari amekuandikia dawa, tafadhali usiziache kwa sababu ya parachichi. Na kama hujawahi kupimwa kolesteroli, mama, baba, nenda upimwe, kwa kuwa kolesteroli ikizidi haina dalili.