Pumzi ya Mtu Mwenye Njaa



Wazee wa Ugogo walipita katika njaa ya Mtunya, miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua nayo ikakosekana. Njaa ile kila mtu aliiona. Leo nataka tuzungumze juu ya njaa isiyoonekana upesi, njaa ya mtu mzima.

Mtoto akikonda, mama humpeleka kliniki. Hupimwa, akaandikwa kwenye kadi. Mtu mzima je, nani anampima? Mwezi wa pili ghala ni tupu na mahindi bado mabichi. Bibi anasema, "Mimi nimeshakula," ili wajukuu washibe. Baba anakaza mkanda, anakwenda shamba. Na sisi tunawaamini!

Lakini mwili una namna yake ya kusema, nayo ni pumzi. Mtu asipokula siku nzima au zaidi, akiba ya sukari iliyo katika ini hupungua. Hapo mwili huanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Ni kama mtu aliyeishiwa kuni akavunja kitanda apikie. Mafuta hayo yakiungua, hutokea kitu kiitwacho asetoni, nacho hutoka kwa pumzi. Harufu yake ni tamu-tamu, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akina dada wanaopaka rangi kucha wanaijua. Ni ile ya dawa ya kuifutia.

Viko vyombo vya kupima harufu hiyo. Unapuliza, chombo kinasoma, kama vile trafiki anavyompulizisha dereva kutafuta pombe. Msione ni maajabu. Kule Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, panya wamefundishwa kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu.

Hata hivyo, tusiitegemee pumzi peke yake. Aliyefunga Ramadhani anaweza kuwa na harufu hiyo jioni, naye ni mzima. Na mtu anayekula ugali na mlenda kila siku, bila maharage wala karanga, pumzi yake haisemi kitu, lakini damu inaweza kuwa imepungua. Pumzi inasema mwili unachoma nini leo. Haisemi umepungukiwa kwa miezi mingapi.

Tena kuna hatari. Mgonjwa wa kisukari naye hutoa harufu ile ile. Akiwa na kiu kali, anakojoa mara kwa mara, anatapika na kuhema kwa nguvu, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Anaweza kufa.

Kwa mtu mzima mimi nauamini zaidi mzani. Nendeni zahanati mpimwe uzito na urefu. Hesabu tulizojifunza kisomoni zinatosha. Chukua urefu kwa mita, uzidishe kwa wenyewe. Kisha gawa uzito kwa jibu hilo. Tuseme mtu ana urefu wa mita 1.6 na uzito wa kilo 45. 1.6 mara 1.6 ni 2.56. Kilo 45 gawa kwa 2.56 ni 17.6. Chini ya 18.5, mtu amepungua. Chini ya 16, hali ni mbaya sana.

Mama mjamzito hesabu hii haimfai, maana uzito wa mtoto umo ndani. Yeye hupimwa mkono kwa utepe. Aliyevimba miguu naye mzani humdanganya, kwa kuwa unapima maji. Bonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, apelekwe kwa mganga. Na anayekonda huku akikohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu. Ugonjwa huo humshika upesi mwenye njaa.

Jambo moja watu wengi hawalijui. Aliyekaa siku nyingi bila kula msimpe sahani kubwa ya ugali na nyama kwa huruma. Chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvichumvi za damu, na moyo unaweza kusimama. Mpeni uji mwepesi, kidogo kidogo, huku mkitafuta usafiri wa kumfikisha kituo cha afya.