Macho Matatu

Mwaka jana, asubuhi moja kabla hata sijapiga mswaki, dada yangu alinipigia simu. Hakusalimia, na kwa dada yangu hilo si jambo dogo. "Kaka, mpwa wako kanunua simu ya laki nane na nusu. Laki nane na nusu! Na hapa jikoni bati linavuja, tumetega ndoo."

Msikilizaji, mpwa wangu ni kinyozi. Amekodi kiti kwenye saluni moja Mwananyamala, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye saluni, kinachobaki ndicho chake. Siku nzuri hubaki 15,000. Siku ya mvua hubaki nauli. Simu yenyewe ni macho matatu, iPhone iliyotumika, iliyoishi mkononi mwa mtu mwingine huko ughaibuni, ikapita Dubai, ikafika Kariakoo. Ameivalisha kava linaloonyesha ndani, maana ukinunua simu yenye nembo ya tunda halafu ukaifunika kwa kava jeusi, umenunua nini?

Nilikwenda kumkanya. Hotuba nilikuwa nayo tayari, na nyie mnaijua kwa sababu mmeshaitoa au mmeshatolewa: vijana wa siku hizi, sifa mbele, akiba nyuma, hawana elimu ya fedha. Na hotuba ikipungukiwa, ipo methali ya kuimalizia, masikini akipata matako hulia mbwata. Naomba radhi kwa walio mezani wanakunywa chai. Lakini isikilizeni vizuri methali ile. Haimcheki tajiri mwenye magari manne anayekalia moja moja kwa makalio yale yale. Inamcheka masikini, tena siku ileile aliyopata.

Nilimkuta anamnyoa mtoto. Alipomaliza akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, kisha akaniuliza, "Mjomba, umewahi kwenda Masaki na begi la mashine?"

Ana wateja kule kwa wenye nazo, watu wanaotaka kunyolewa nyumbani Jumapili. Zamani, alipokuwa na kitochi, mlinzi wa getini alikuwa anamwambia, "We dogo, kaa pale." Pale ni kwenye tofali, juani, mpaka mteja ashuke mwenyewe kuja kumchukua kama mzigo. Siku ya kwanza ya macho matatu alifika na begi lilelile na ndala zilezile. Akaitoa simu, akaiweka sikioni, akasema "niko hapa chini boss", mlinzi akafungua geti. "Karibu kaka, ghorofa ya ngapi?" Mpwa wangu anacheka akisimulia, kwa sababu simu ile siku hiyo ilikuwa imeisha chaji tangu njiani, pale Namanga.

Hotuba yangu ikaanza kupwaya.

Nisimfanye kijana malaika. Nusu ya sababu ni sifa tu. Alinionyesha picha zake za kwenye kioo, uso wote umefichwa nyuma ya simu, kana kwamba aliyepigwa picha ni simu na yeye ni kishikio. Nilitaka kumcheka, nikakumbuka mshahara wangu wa kwanza: nilinunua raba mtoni pale Karume, nikakosa nauli, nikatembea mpaka Tabata. Na kwenye sehemu zenye tope raba nilizivua, nikazibeba mkononi.

Kuna mzee mmoja wa Scotland, Adam Smith, ambaye wachumi wanamheshimu kama babu yao. Kwenye kitabu chake cha 1776 alisema kitu ambacho wanaomtaja hawakitaji mara nyingi. Alisema vitu vya lazima si vile tu ambavyo ukivikosa utakufa. Ni pamoja na vile ambavyo desturi ya mahali inamfanya hata mtu wa chini aone haya kuvikosa. Mfano wake ulikuwa shati la kitani. Wagiriki na Warumi waliishi bila kitani na hawakupungukiwa, lakini kibarua wa Ulaya wa siku zake angeona aibu kutokea mbele za watu bila shati hilo. Kwa hiyo shati likawa lazima. Si kwa mwili, kwa macho ya watu.

Na hapa pwani tuna mfano wetu, mzito kuliko wa shati. Zanzibar, kabla ya amri ya 1897 iliyofuta utumwa kisheria, mtumwa ulimjua kwa kumtazama. Amevaa merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa na meli za Wamarekani, au kaniki. Miguu mitupu, kichwa wazi. Halafu watu wakatoka utumwani. Hawakupewa mashamba. Wakawa vibarua, wapagazi, wafuaji wa nguo za wengine. Na senti zilipopatikana wakanunua nini? Kanzu. Kofia. Viatu. Wanawake wakanunua kanga, tena si kanga ilimradi kanga, bali ile iliyotoka sasa hivi, yenye mji mpya, kabla jirani hajaiona. Mwanahistoria Laura Fair ameieleza habari hii kwa kirefu kwenye kitabu chake cha 2001, Pastimes and Politics. Ungekuwa mshauri wa fedha umesimama Ng'ambo, pale Unguja mjini, miaka ile, ungemwambia mama aliyenunua kanga: bibi we, ungeziweka hizo senti ukanunua mbuzi, mbuzi anazaa. Ni kweli anazaa. Lakini mbuzi havaliwi. Ukitoka naye barabarani, anayekutazama bado anaona kaniki ya jana.

Ndiyo maana siamini kwamba kijana wa Mwananyamala anashindana na Masaki. Masaki anaijua, ananyoa vichwa vyake, anajua simu moja haimfikishi. Anayejitenga naye ni mtu mwingine kabisa: kibaka, yule ambaye mlinzi, askari, mwenye nyumba na baba wa mchumba wanamwona kila wakimtazama kijana aliyetoka uswahilini. Simu inajibu kabla hajaulizwa. Mwenye cheo anajibiwa na cheo chake, mwenye kiwanja na hati yake. Kinyozi atatoa nini mfukoni?

Wachumi watatu, Charles, Hurst na Roussanov, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2009. Waliona kwamba Wamarekani weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wakilinganishwa na weupe wenye kipato kama chao, hutumia zaidi kwenye nguo, vito na magari, yaani vinavyoonekana. Hapo watu wengi wangefunga kitabu na kusema, si tuliwaambia? Wao wakaendelea kuchimba, wakawatazama weupe peke yao, jimbo kwa jimbo. Wakakuta kwamba hata mzungu akiishi mahali ambako wazungu wenzake ni maskini zaidi, naye huelekeza pesa nyingi zaidi kwenye kuonekana. Kumbe si suala la rangi wala malezi. Watu wa aina yako wakidhaniwa hawana kitu, unalipia kuiondoa dhana hiyo usoni mwako.

"Sawa," nikamwambia mpwa wangu, "lakini si ungeziweka hizo pesa?" Akaniuliza, niziweke wapi. Anacheza mchezo na vinyozi wenzake, na ilikuwa zamu yake kupokea. Laki tano na nusu taslimu. Kiwanja hainunui. Kodi ya chumba cha peke yake, miezi sita, inameza karibu yote na unabaki bila godoro. Na pesa ikilala kwenye simu inaanza kunusiwa: mdogo wake hajalipiwa mtihani, kuna msiba Korogwe, kuna mchango wa harusi ambao ukikataa kutoa utasemwa mpaka na wajukuu. Kukataa nako hakuwezekani, kwa sababu siku yake ikifika atawahitaji haohao. Simu haimegeki. Huwezi kumtumia shangazi nusu ya simu. Na ikitokea dharura ya kweli, inawekwa bondi ndani ya dakika kumi. Nimewahi kumsikia mtu wa benki akieleza akiba kwa saa nzima, hakufika popote karibu na hapo.

Kilichonikera ni zile laki tatu zilizobaki. Alikopa. Mkopo wa kausha damu, 13,000 kila siku kwa siku 30, hesabu yake ni 390,000. Mkumbuke siku nzuri inampa 15,000. Mwezi ule alikuwa ananyoa mpaka saa sita za usiku, na siku tatu alizokosa rejesho wakaja saluni watu wawili, wakakaa kwenye benchi la wateja, hawakunyoa. Hapo sina maneno laini. Sina kwa anayekopesha hivyo, na kwa mpwa wangu pia nilikuwa nayo yangu, nikamwambia nje, si mbele ya wateja. Dada yangu naye, bati lake likaendelea kuvuja masika yote.

Deni alilimaliza. Juzi nilikwenda kunyoa nikaona simu imeanguka. Kioo cha mbele kimepasuka kuanzia kona mpaka katikati, anasoma ujumbe akiinamisha kichwa kuukwepa ufa. Ila mgongo unang'aa, mpya kabisa. Nikauliza. Akasema vioo vyote viwili vilipasuka siku moja, na pesa ya fundi ilikuwa inatosha upande mmoja.

"Sasa ukatengeneza wa nyuma?"

Akaendelea kusafisha mashine yake na brashi. "Mjomba, huku mbele naona mimi peke yangu."