Kura 524 za South Dakota



Mara nyingi tumeambiwa, hata na wenzetu, kwamba hakuna haja ya kuwaendea watu wachache walio mbali na barabara, kwani kura zao hazitabadili neno. Hebu tuitazame South Dakota, jimbo la nyasi na ng'ombe huko Marekani, ambalo mwaka 2002 lilikuwa na watu wasiofika 800,000. Hata hivyo hupeleka maseneta wawili katika Kongresi, sawa na California yenye mamilioni.

Tarehe 5 Novemba mwaka huo, Seneta Tim Johnson wa chama cha Democratic alikuwa akitetea kiti chake dhidi ya John Thune wa Republican. Usiku ulipokuwa ukiisha, Thune alikuwa mbele. Kulipopambazuka yakaja matokeo ya kaunti ya Shannon, katika ardhi waliyotengewa Walakota wa Oglala, watu maskini kuliko karibu wote nchini mwao. Johnson akapita kwa kura 524, kati ya kura zaidi ya 330,000.

Kura hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Miezi kadhaa kabla, wahamasishaji walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiandikisha wapiga kura. Nao Walakota walikuwa na kumbukumbu: sheria ya 1924 iliwafanya wenyeji wote wa asili kuwa raia, lakini watu wa Shannon hawakuruhusiwa kuwachagua maofisa wa kaunti jirani iliyowatawala, mpaka mahakama ya rufani ilipolikomesha jambo hilo mwaka 1975. Miaka hamsini na mmoja!

Kelele za wizi zilipigwa, kama tulivyotazamia. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Mark Barnett, aliyekuwa wa chama kile kile cha Thune, alizichunguza shutuma hizo na kuona kwamba nyingi hazina msingi. Thune hakudai kura zihesabiwe upya. Alirudi mwaka 2004 akamshinda Tom Daschle, kiongozi wa Democratic katika Seneti. Sisi tuliopanga mlolongo mwaka 1988, tukaona mstari mfupi ukitangazwa mshindi, tunajua thamani ya mchunguzi asiyeogopa chama chake.

Lakini mwaka 2003 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kumtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha. Asiye nacho aweza kutia sahihi kiapo, ikiwa karani atamwambia kwamba ruhusa hiyo ipo.