Moto wa Simu Safarini kwa Pikipiki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama waliokutana Daraja Mbili, Kisii)



Tumeombwa tuseme machache juu ya simu na pikipiki. Huenda mtu akacheka: watu wa reli na pikipiki, wapi na wapi? Lakini reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na hata leo haijapanda milima hii ya Kisii. Sisi tufanyao kazi Kisumu, tukipata siku za mapumziko, twapanda pikipiki: Ahero, Sondu, Oyugis, mpaka hapa. Ni zaidi ya kilomita 100, na mvua ya Kisii haibishi hodi.

Katika njia hiyo simu ndiyo sauti yetu. Tena tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa mkoba pia. Ikizimika, mtu ana fedha na hana fedha.

Tutawaambia yaliyotupata. Jioni moja mwenzetu alipigiwa simu kuwa mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Tuliondoka Kisumu watu watatu kwa pikipiki mbili. Fedha za hospitali zilikuwa katika simu yake, na moto wa simu ulikuwa umebaki kidogo. Hatukuona shida, kwa maana tulikuwa tumejifungia wenyewe waya wa kuchajia, kutoka betri moja kwa moja mpaka kwenye usukani. Fyuzi hatukutia. Tulisema ni shilingi za bure.

Tulipopita Sondu mvua ikatushika. Waya ule ulikuwa umesuguliwa na usukani siku nyingi hata ngozi yake ikaisha, shaba ikagusa chuma. Tukaona moshi chini ya tangi. Tuling'oa waya kwa mikono, tukaungua vidole. Pikipiki haikuwaka tena usiku ule, na simu ya mwenzetu ikazimika. Simu zetu wengine zilikuwa zimekwisha zamani. Mama mkwe wake alizunguka kwa majirani akikopa. Mtoto alizaliwa salama, twashukuru, lakini baba alifika asubuhi, akiwa na deni na aibu. Kosa lilikuwa letu wala si la mtu mwingine.

Basi tulijifunza nini? Tulijifunza jambo ambalo sisi watu wa reli tulipaswa kulijua tangu zamani. Mabehewa ya abiria ya zamani yalikuwa na dainamo chini, ikizungushwa kwa mkanda na ekseli ya magurudumu. Gari likienda, dainamo iliwasha taa na kujaza betri. Gari likisimama stesheni, taa zilikula akiba ya betri. Likisimama mno, taa zilififia. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo: injini ndiyo yenye kuleta, betri ni ghala tu.

Tupige hesabu. Betri ya pikipiki ndogo, ya volti 12 na ampea 5 kwa saa, ina akiba ya wati 60 kwa muda wa saa moja. Simu ya leo yenye betri ya 5,000 hutaka kama wati 19 za saa, na ukiongeza umeme unaopotea njiani, kama 25. Ukichaji simu moja injini imezimwa, umekula karibu nusu ya ghala. Ukichaji mbili, usishangae ukibonyeza swichi ya kuwashia na pikipiki ikanyamaza. Lakini injini ikienda, chaja ya kawaida hutumia wati 10 tu, na taa ya mbele peke yake hula wati 35. Hapo pikipiki haisikii uzito.

Kwa hiyo, ndugu, yafaa tushike mambo haya.

La kwanza, chaji simu pikipiki ikiwa mwendoni. Waya upitie kwenye swichi ya ufunguo, ili ukitoa ufunguo umeme ukatike.

La pili, tia fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, isipite shibiri moja kutoka mahali pa chanya. Fyuzi iliyo mbali haiulindi waya ulio nyuma yake.

La tatu, simu haitaki volti 12. Nunua kidude chenye tundu la USB kinachozishusha mpaka volti 5, tena chenye kifuniko cha mpira. Funga waya usibanwe usukani ukigeuzwa kulia na kushoto.

La nne, tundu la simu likilowa, usichomeke waya mpaka likauke. Wala usiiweke simu juani juu ya tangi ikichajiwa, kwa maana joto huua betri yake. Iweke mfukoni, mbali na mtikisiko. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwaonya watu kwamba mtikisiko wa pikipiki zenye nguvu waweza kuharibu kamera ya simu.

La tano, chukua pawabenki. Lakini ile iliyoandikwa 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili. Hujaza mara moja na kidogo. Ijazwe kabla ya safari.

La sita, simu ikilia, simama kando ya barabara kwanza.

Tuna neno moja kwa chama. Simu inayotuita kazini usiku ni yetu, na moto wake twaununua wenyewe. Twaomba viongozi walete jambo hili mezani: katika nyumba za mapumziko ya wafanya kazi pawe na mahali pa kuchaji simu. Hilo si ombi la anasa. Asiyepatikana kwa simu huandikwa mtoro.

Lakini tusingoje mpaka hapo. Kabla ya mkutano ujao, kila mwenye pikipiki apapase waya wake kwa mkono, toka betri mpaka usukani. Asiye na fyuzi aje kwetu, tutamfungia. Vidole vyetu vimekwisha ungua, vyenu visiungue.