Mchezo Usio na Mswada: Mazoezi ya Uigizaji wa Papo kwa Papo Katika Miji ya Mlima Kenya

Uigizaji wa papo kwa papo ni ule ambao mwigizaji hupanda jukwaani bila maneno aliyoyakariri. Anajua mahali, anajua yeye ni nani katika kisa na anajua jambo linalowakutanisha wahusika. Yatakayosemwa huzaliwa pale pale, watazamaji wakishuhudia. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba kazi hii haihitaji mazoezi, kwamba ni kipawa tu na ulimi mwepesi. Lakini kikundi chenye mswada hufanyia mazoezi mchezo mmoja kikaumaliza, ilhali kikundi kisicho na mswada hufanyia mazoezi sikio, macho na uwezo wa kujibu, na kazi hiyo haiishi. Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru zilikuwa na mazoezi ya namna hii kabla ya kuwa na kumbi za maigizo. Humo humo katika historia hiyo limekuwa likijirudia swali moja: ni nani anayetaka kuyaona maneno kabla hayajasemwa?

Chuo cha kwanza cha papo kwa papo katika nchi ya Wagikuyu kilikuwa kibuyu. Gĩcandĩ ni utenzi wa mafumbo ulioghanwa na watu wawili, kila mmoja akishika kibuyu chenye mbegu ndani, akikitikisa ili kupata mdundo. Ganda la kibuyu lilichorwa alama na kupambwa kwa kauri, na kila alama ilimkumbusha mghani sehemu fulani ya utenzi. Mghani mmoja alitoa ubeti wenye fumbo, mwenzake akalifumbua kisha akatupa lake. Umati wa sokoni ulisimama kuwazunguka na kusikiliza nani anababaika. Aliyeshindwa aliweza kunyang'anywa kibuyu chake, na mghani asiye na kibuyu ni sawa na aliyefungwa mdomo.

Gĩcandĩ haikuwa ubunifu mtupu, na hapa ndipo penye somo kwa anayechunguza mazoezi. Kulikuwa na beti zilizorithiwa, nyingi, ambazo mwanafunzi alizipata kwa bwana wake polepole hadi zikamkaa kichwani. Zikishamkaa ndipo alipoweza kuzigeuza, kuzikatiza, kuingiza jina la mtu aliyesimama mbele yake au tukio la wiki ile, na kumvizia mpinzani kwa ubeti ambao hakuutarajia. Kukariri kwingi kulizaa uhuru. Profesa Kĩmani Njogu, aliyeandika tasnifu kuhusu ushairi wa majibizano wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba waghani wa gĩcandĩ walikuwa wapinzani na washirika kwa wakati mmoja: kila mmoja alitaka kushinda, lakini utenzi haungesonga hatua moja bila jibu la mwenzake. Mpenzi wa malumbano ya washairi wa Pwani hatauona huu kuwa mchezo mgeni.

Habari za gĩcandĩ zimehifadhiwa kwa kiasi kikubwa na mapadre wa Consolata, Waitaliano waliofika nchi ya Wagikuyu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuifanya Nyeri kituo chao kikuu. Padre Cagnolo aliandika juu ya mila za Wagikuyu katika kitabu kilichopigwa chapa kwenye mtambo wa misheni huko Nyeri mwaka 1933. Mwenzake, Vittorio Merlo Pick, alichapisha mkusanyo wa vitendawili pamoja na utenzi wa gĩcandĩ wenyewe mwaka 1973. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba sanaa iliyoishi kwa kubadilika kila siku imetufikia ikiwa imekauka katika kurasa, lakini bila kurasa hizo isingetufikia kabisa.

Watoto walikuwa na darasa lao jioni. Mmoja alisema “Gwata ndaĩ”, mwingine akajibu “Ndagwata”, na kitendawili kikategwa. Hapakuwa na nafasi ya kwenda kuuliza. Kwa watu wazima, harusi ilileta gĩtiiro, majibizano ya nyimbo kati ya upande wa bwana na upande wa bibi, ambapo kila upande ulidai, ukajisifu na kujibu kwa kufuata kanuni ambazo wazee walizijua na vijana walipaswa kufundishwa. Halafu kuna mũthĩrĩgũ. Mwishoni mwa 1929, wakati ugomvi wa tohara ya wasichana ulipozipasua misheni za Kiprotestanti, Tumutumu karibu na Karatina ikiwemo, wimbo huu wa kucheza ulienea Kiambu, Murang'a na Nyeri kama moto wa kiangazi. Kiitikio kilikuwa kimoja, lakini beti zilitungwa na yeyote aliyekuwa na la kusema kuhusu mmisionari, chifu au jirani aliyetia sahihi upande wa wazungu. Serikali iliupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Wimbo ambao ubeti wake wa kesho haujatungwa hauwezi kukaguliwa leo, basi wakubwa waliona njia pekee ni kuufunga wote.

Baada ya uhuru, uoga huo wa maneno yasiyokaguliwa ulikuwa na jina la kisheria. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, mchezo wa hadhara ulihitaji leseni, na leseni ilikuwa mikononi mwa mkuu wa wilaya. Ofisi iliweza kudai mswada. Kikundi cha papo kwa papo kingepeleka nini? Ndipo vikundi vingi vilipozoea kuandika kitu cha kuonyesha ofisini na kuigiza kingine jioni. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1997, yaliyotokana na mazungumzo ya vyama kabla ya uchaguzi, yalilegeza kamba hiyo.

Jaribio kubwa zaidi la kufanya mazoezi hadharani halikutokea Nyeri bali kusini yake, Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walileta rasimu ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda, na mwongozaji akawa Kĩmani Gecaũ. Mazoezi yalianza katikati ya 1977, mahali pa wazi, kila mpita njia akitazama. Watazamaji hao hawakunyamaza. Wazee walirekebisha Kigikuyu cha wasomi. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kazi na mishahara yao ilivyo hasa, na waigizaji wakafuata. Sehemu ya gĩtiiro ilipatikana kwa mama asiyejua kusoma, akawafundisha waandishi wawili wa chuo kikuu jinsi majibizano hayo yanavyojengwa. Mchezo uliofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 ulikuwa umeandikwa, naam, lakini mazoezi yake yalikuwa ya papo kwa papo: mtu akikatiza, akaonyesha, jambo likajaribiwa upya. Leseni ilifutwa tarehe 16 Novemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa tarehe 31 Desemba. Mwezi Machi 1982, ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe, wenye viti zaidi ya 2,000, ulibomolewa.

Mwana wa Nyeri aliyeendeleza kazi hiyo kwa namna yake ni Wahome Mutahi, aliyezaliwa mwaka 1954 na ambaye wasomaji wa magazeti walimjua kwa safu yake ya Whispers. Aliwahi kufungwa miaka ya 1980 katika msako wa serikali dhidi ya Mwakenya, harakati ya siri ya upinzani. Katika miaka ya 1990 aliandika michezo ya kejeli kwa Kigikuyu, Mũgaathe Mũbogothi ukiwa mmojawapo, na kundi lake la Igiza Productions likaipeleka kwenye baa. Uamuzi wa kuigiza baa ulikuwa pia uamuzi wa namna ya mazoezi. Baa haina pazia, mhudumu anapita na chupa katikati ya tukio, na mlevi mmoja ana maoni. Mwigizaji anayetegemea mswada neno kwa neno atazama hapo dakika ya tano. Anayeokoka ni yule aliyezoea kumpokea mlevi, kumjibu akiwa bado ndani ya mhusika wake, kisha kuurudisha mchezo mahali pake bila mshono kuonekana. Mutahi alifariki mwaka 2003, na vikundi vingi vya vichekesho vya Kigikuyu vilivyokuja baadaye vinafanana na kazi yake kuliko na ya chuo kikuu chochote.

Mazoezi ambayo leo hufundishwa vikundi vya vijana katika miji ya Mlima Kenya yana asili nyingine pia. Viola Spolin wa Chicago, aliyekusanya michezo ya watoto na kuigeuza mazoezi ya waigizaji, alichapisha kitabu chake mwaka 1963. Keith Johnstone, Mwingereza aliyehamia Calgary nchini Kanada, alianzisha huko mashindano ya uigizaji wa papo kwa papo mwaka 1977, mwaka ule ule wa Kamĩrĩĩthũ. Lakini aliyeingia Kenya kwa kishindo ni Augusto Boal wa Brazili. Boal alisimulia kwamba alipokuwa Peru mwaka 1973, mama mmoja katika hadhira alichoshwa na jinsi waigizaji walivyokuwa wakilitekeleza pendekezo lake kuhusu mume mwongo, akapanda jukwaani mwenyewe na kumshughulikia huyo mume. Kutokana na tukio hilo, alisema, lilizaliwa jukwaa la mdahalo, ambapo mtazamaji husimamisha mchezo na kuchukua nafasi ya mhusika. Amani People's Theatre, iliyoanzishwa Kenya mwaka 1994, ilitumia mbinu za aina hii katika kazi ya upatanisho. Katika miaka ya 2000 shirika la PATH lilisambaza mbinu iliyoitwa Magnet Theatre kwa ajili ya elimu ya Ukimwi: kikundi kilicheza mahali pale pale kwa hadhira ile ile, kikaukata mchezo penye utata na kuwaachia watazamaji.

Kipindi cha mazoezi cha kikundi cha namna hiyo huanza kwa mduara. Michezo ya kwanza ni ya kuchangamsha damu, na hapo hakuna la ajabu. Kioo ndicho zoezi la kwanza la maana. Watu wawili husimama wakitazamana, mmoja husogeza mkono, mwingine humfuata kana kwamba ni taswira yake. Anayeongoza akienda mbio ili kumshinda mwenzake, zoezi limeharibika, kwani lengo ni mtazamaji wa nje ashindwe kujua nani anaongoza. Baada ya kubadilishana, huambiwa waendelee bila kiongozi. Wawili waliozoeana hufika hapo, wageni huchukua majuma.

Linalofuata ni zoezi la kukubali kisha kuongeza. Mmoja anasema, “Daktari, ng'ombe wangu amekataa kusimama.” Mwenzake akijibu, “Huyo si ng'ombe, ni mbuzi,” watu watacheka mara moja na kisa kitakufa. Akijibu, “Naona, na ni wa tatu leo baada ya wale wawili wa chifu,” tayari kuna kijiji, kuna ugonjwa na kuna chifu wa kuulizwa. Wenye kipawa cha kuchekesha huliona zoezi hili kuwa gumu kupita yote, kwa kuwa linawanyima kicheko cha haraka.

Kisha huja sanamu. Kikundi hupewa jambo, tuseme mgogoro wa shamba la urithi, na kila mtu huiweka miili ya wenzake kama anavyouona mgogoro huo bila kutamka neno. Huyu amesimama na hati mkononi, huyu amepiga magoti, shangazi amepewa mgongo. Mwezeshaji humgusa mmoja mmoja begani na kumtaka aseme sentensi moja anayoifikiria. Kutokana na sentensi hizo tatu nne hupatikana tukio la kuigiza, na hakuna aliyeliandika. Katika zoezi la mdahalo tukio hilo huchezwa hadi mhusika mmoja, tuseme mjane anayebishana na shemeji na chifu, anaposhindwa. Huchezwa tena, na safari hii mtu yeyote anaweza kusema “Simama!” na kuingia mahali pa mjane ajaribu njia nyingine. Wanaocheza shemeji na chifu hawaruhusiwi kumhurumia. Ni lazima wabishe kama wabishavyo mashemeji na machifu wa kweli, na uwezo huo wa kukataa kwa akili ndio unaochukua muda mrefu zaidi kufundisha.

Kosa linaloonekana mara nyingi halitokani na mazoezi bali na bajeti. Vikundi vingi vilipata mbinu hizi pamoja na fedha za mradi, na mradi huja na ujumbe: pima, panga uzazi, piga kura kwa amani. Mtazamaji akiingia mahali pa mhusika na kutoa suluhisho lisilo la mfadhili, mwezeshaji dhaifu humgeuza taratibu hadi aseme kinachotakiwa. Hapo mswada umerudi, ila haupo tena ofisini kwa mkuu wa wilaya bali katika ripoti ya robo mwaka. Vikundi vyenye uzoefu hujikinga kwa kutenga siku ya mazoezi ambayo haina mada ya mradi wowote, wakacheza kioo, wakategeana vitendawili kwa Kigikuyu, Kimeru au Kiembu, na kuigiza kisa ambacho hakitalipiwa na mtu.

Tamasha la maigizo la shule, lililoanza mwaka 1959, halijasaidia sana upande huu. Ni kubwa, limekuza waigizaji wengi wa nchi hii, lakini limejengwa juu ya mswada: huandikwa, huwasilishwa, hukaguliwa na kupewa alama. Kijana anayetoka huko akijiunga na kikundi cha papo kwa papo huwa na sauti nzuri na mwili ulionyooka, na hukwama mwenzake anaposema jambo ambalo halikupangwa. Ndiyo maana wawezeshaji wengi humrudisha kwenye kioo kwanza, ajifunze kutazama, kabla ya kumruhusu atamke neno.