Kadi Ina Alama, Damu Haina Kinga: Watoto Wenye VVU Pwani ya Kisimayu



Mtoto mwenye VVU akianza ARV, virusi hushuka na chembe za kinga za CD4 hupanda. Kwa watoto hupanda vizuri kuliko kwa watu wazima, kwa sababu tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, bado ni kubwa na inazalisha chembe mpya. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa kuwaanzishia dawa watoto kabla ya wiki 12 za umri, bila kungoja waugue, kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Hapo hatubishani.

Langu leo ni kadi ya chanjo. Mtoto analetwa na mamake kutoka visiwa vya Chula au Koyama, ana miaka mitatu, yuko kwenye dawa. Muuguzi anaifungua kadi: surua, miezi tisa, imetiwa alama. Anaifunga na kumwambia mama aende zake. Lakini sindano ile ilichomwa kabla hajaanza dawa, wakati kinga ya mtoto ilikuwa imeshaliwa na virusi. Huenda haikushika kamwe, au ilishika ikapotea. ARV hazirudishi kilichopotea. Ni kama dau lililopata mabaharia wapya: nguvu wanazo, ila mlango wa kupita miambani hawajawahi kuuona. Watafiti wa Nairobi waliliona hilo kwa watoto waliokuwa kwenye dawa, wakachapisha 2009: wengi hawakuwa na kinga ya kutosha ya surua hata baada ya miezi sita ya dawa, lakini walipochanjwa upya, wengi waliitikia.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya ziada ya surua CD4 zikifika asilimia 20 hadi 25. Pasipo kipimo cha CD4, itolewe kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili tangu mtoto aanze dawa. Aliyedhoofika sana asubiri kwanza, kwa kuwa chanjo hii ina virusi hai.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Kwingine mtoto asiye na kinga hukingwa na wenzake waliochanjwa. Hapa kampeni za chanjo zilizuiwa miaka ambayo Al-Shabaab waliushika mji wa Kisimayu, 2008 hadi 2012, na mwaka 2017 Somalia ilihesabu zaidi ya wagonjwa 20,000 walioshukiwa kuwa na surua. Wenzake hao hawapo.

Kisha kuna kusi. Mtoto aliyeanza dawa Januari anatimiza miezi sita Julai, bahari imechafuka na mashua za visiwani hazitoki. Asihesabiwe mtoro. Oktoba ndio mwezi wake wa tisa, bado yumo ndani ya muda. Aliyeanza Oktoba anatimiza miezi sita Aprili, naye achanjwe mapema, kusi haijashika kasi.

Jambo moja dogo, lakini huwatisha wazazi: wiki za mwanzo za dawa, tezi za kwapani upande aliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, zinaweza kuvimba, hata kutoa usaha. Ni kinga inayoamka. Mama aelezwe mapema, asije akazitupa dawa baharini, na mtoto aonwe na daktari ARV zikiendelea.

Dozi ya ziada iandikwe kwenye kadi kwa tarehe yake, pembeni ya ile ya miezi tisa, bila kutaja sababu. Visiwani kadi husomwa na wengi.