Daftari Lisilotunzwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tutafakari jambo moja zaidi: daftari lenyewe nalo laweza kupotea bila habari.

Katika parokia moja tulikohudumu, majina ya wabatizwa yalinakiliwa kwenye kompyuta, kisha yakahifadhiwa katika flashi, kile kifaa kidogo cha mfukoni. Tukaifungia kabatini, tukalala usingizi. Miaka ikapita. Siku binti mmoja alipokuja kuomba cheti cha ubatizo ili afunge ndoa, flashi ilichomekwa, nayo ikanyamaza kimya. Kilichomwokoa ni daftari la zamani, lililoandikwa kwa mkono wa katekista, ingawa mchwa walikwisha kuanza kulila pembeni.

Tusiilaumu flashi, bali tuijue. Ndani yake hamna wino. Maandishi huwekwa kama chaji ndogo mno za umeme, zilizofungiwa katika vijumba visivyoonekana kwa macho. Kila tufutapo na kuandika upya, kuta za vijumba hivyo huchakaa. Hata flashi ikilala bila kutumiwa, chaji huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo. Watengenezaji hutaja mara nyingi miaka 10, lakini nyingine hufa mapema zaidi, bila kutoa onyo. Tena tuzikumbuke disketi zilizotamba miaka ya 1990: leo kompyuta mpya hazina hata mahali pa kuziingizia.

Kanisa lilijifunza uangalifu tangu zamani. Mwaka 1563, Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko wawe na kitabu cha ndoa, na wayaandike majina ya wasimamizi wa ubatizo. Vitabu vya kale vilivyotufikia vilidumu kwa kuwa kila kizazi kilipata mtu wa kuvitunza.

Basi, makatekista wapendwa, tuwe na nakala zaidi ya moja, tuziweke mahali mbalimbali. Kila mwaka tuzifungue na kuzisoma, na baada ya miaka michache tuzihamishie katika kifaa kipya. Daftari la karatasi nalo tusilitupe. Flashi ni chombo cha kubebea. Kutunza ni kazi yetu. Nyuma ya kila jina yupo mtu, na ipo siku atabisha hodi.